Kaburi Lililonyooka

Inatangazwa kwa watu wote wa Tabora, wake kwa waume, walio hai na waliotangulia, kwamba makaburi ya zamani ya mji yamepata msimamizi mpya, Bwana Salmini bin Ghalibu, kijana mwenye elimu, busara na kofia ya jua. Elimu aliipata shule ya bweni. Kofia aliiazima. Busara ilikuwa bado njiani, na siku ile stesheni haikushuka pamoja na abiria wengine.

Salmini alikwenda kuchukua chokaa iliyoletwa na treni. Katika kumpisha mama mwenye tenga la kuku alijikwaa, gunia likapasuka, na msichana aliyekuwa akishuka kutoka Bukene, buibui lake jeusi lingali na mikunjo ya sandukuni, akawa mweupe kutoka utosini hadi viatuni.

"Kaka, ndizo salamu za Tabora hizi?"

"Nisamehe, dada. Chokaa hii ni ya makaburi."

"Basi umeanza kunizika hata jina hujaniuliza."

"Naitwa Salmini."

"Langu, kaka, si lako!"

Aliitwa Tufaha. Tangu siku hiyo Salmini hakukosa kupita mtaa wa Ng'ambo kila jioni, nyumbani kwa Bibi Batuli, nyanya yake Tufaha.

"Umekuja tena kumjulia hali bibi?"

"Bibi ni mtu muhimu sana."

"Yuko uani anatwanga kisamvu. Mbona umesimama kwangu?"

Jioni moja Tufaha akamwambia kilichomleta mjini. "Shaaban hii tunakwenda kumzuru babu. Alikuwa mpagazi wa misafara, akarudi kutoka Ujiji na ndui. Kaburi lake ni mawe matupu, pale pembeni mwa ukuta."

 Pembe ile Salmini aliijua. Mwezi uliopita alikuta pale rundo la mawe, akadhani yalibaki kwenye ujenzi wa ukuta. Hakuuliza mtu. Aliyapaka chokaa, akayapanga kando ya njia, na Bwana Mkubwa wa boma alipokagua akamsifu.

"Mbona kimya, mpenzi?"

Mpenzi! Hakuwahi kumwita hivyo. Salmini akaumeza ukweli mzimamzima.

"Nalijua kaburi hilo," akasema. "Nalitunza mwenyewe."

Alfajiri aliokota mawe mengine kando ya reli, akajenga kaburi pale pembeni. Akaitoa dira yake ya shuleni, akalinyoosha kwa kibla barabara. Bibi Batuli alikwisha sema kwamba kijana anayemtunzia marehemu wake hana haja ya kuulizwa ukoo. Salmini alikwisha peleka posa, na Bibi angeijibu siku ya ziara. Salmini alipaswa kufurahi. Badala yake, wali aliuacha sahanini.

Siku ikafika. Bibi Batuli aliweka mrihani, Tufaha akasoma Yasini. Salmini aliinua mikono pamoja nao, lakini Amina haikumtoka.

Bibi alilizunguka kaburi.

"Salmini."

"Naam, bibi."

"Nani amemnyoosha mume wangu?"

"Bibi?"

"Wenzake walimzika mbiombio, siku ya mawingu, wakakosea kibla. Miaka yote amelala mshazari. Mwalimu wa Kurani alisema tumwache, Mungu ameiona nia yao. Kila Shaaban namtania. Leo namkuta kanyooka kama askari wa gwaride. Kajigeuza mwenyewe?"

Tufaha akacheka. Alipouona uso wa Salmini, kicheko kikakatika.

"Ni mimi, bibi. Nililibomoa. Mawe yake ni yale meupe mliyoyapita njiani. Haya ni ya reli."

"Uliniambia unalitunza," alisema Tufaha taratibu.

"Uliniita mpenzi. Niliogopa hutaniita tena."

Tufaha akageuka, akaenda zake. Salmini alidhani amekwenda moja kwa moja. Lakini alirudi, buibui amelipandisha magotini, amekumbatia jiwe jeupe kifuani.

"Hili ni la babu?"

"Sijui. Niliyachanganya na mengine."

"Basi yatarudi yote, na Bwana Mkubwa utamweleza wewe."

Bibi Batuli alikuwa akichora mchangani kwa fimbo, akionyesha miguu ya mumewe ilikoelekea. Hakuinua macho.

"Ningenyamaza leo, Salmini mjukuu wangu, ungesema?"

Salmini alimtazama Tufaha. Neno "ndiyo" lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi.

"Hapana, bibi. Ningemwoa, na nisingesema kamwe."

Tufaha alimwekea lile jiwe mikononi, akaenda kuleta jingine.