Nipe Mji

Maji ya mtungini yalikuwa na chumvi. Waridi aliyaonja, akayatema uani, akaonja tena kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameyateka mwenyewe alfajiri, kwenye kisima cha mchanga cha Mto Kinyasungwe, na asubuhi ameyapikia uji mtamu kabisa. Sasa jua limefika utosini na maji yanawasha ulimi kama magadi.

Alimwita mumewe aonje. Mbaruku hakuinuka kitini.

"Umechanganya vyombo," alisema. "Mwaga, kateke mengine."

Mbaruku alikuwa akida wa Gulwe. Mjerumani alimtoa pwani, akampa askari, kiti cha mikono na amri ya kukusanya kodi na watu wa kujenga reli, ambayo mwaka ule ilikuwa inapanda kutoka Kilosa. Kwake, kila aliyezaliwa huku bara alikuwa mshenzi. Waridi alizaliwa Mpwapwa. Babu yake alikuja na msafara akaoa Mgogo asirudi tena pwani. Kila mumewe alipolitamka neno hilo, Waridi alijua kwamba na bibi yake yumo, na yeye mwenyewe yumo nusu. Hakuwa akimjibu. Alimtazama tu alivyojiegemeza kwenye kiti cha kupewa kama aliyekirithi kwa baba yake, akaendelea na kazi zake.

Jambo moja Mbaruku alilolipenda kuliko kiti ni vitendawili. Kila mchana alikaa barazani na askari wake, Athuman, wakitegana. Athuman alikuwa anajua majibu mengi, lakini alikuwa na akili ya kushindwa. Basi Mbaruku alipewa miji kila siku: mara Tabora, mara Unguja, mara Berlini, naye huipokea kwa kucheka huku akijipigapiga tumbo.

Siku hiyo ya maji ya chumvi, kisulisuli kilitokea upande wa machweo. Si ajabu, kiangazi cha Ugogo ni msimu wa visulisuli. Lakini hiki kilifika uani kikasimama. Vumbi lilizunguka mahali pamoja, jembamba, refu kuliko paa, bila kusogea, na kuku wote wakaingia jikoni. Likaja na harufu ya tope lililokauka zamani.

"Kitendawili," sauti ilisema ndani ya vumbi. Ilikuwa sauti ya kistaarabu, ya mtu aliyesoma.

Athuman aliikamata bunduki yake. Waridi, aliyekuwa mlangoni, alitikisa kichwa kumwashiria mumewe anyamaze. Mbaruku aliona wote wawili wanamtazama. Asingeonekana mwoga mbele ya askari.

"Tega!" alisema kwa sauti kubwa.

"*Nina ziwa bila maji,
nina pwani bila mji,
sijaona mpitaji;
niko wapi, mtambaji?*"

Mbaruku alicheka. Akataja Bahi. Akataja ziwa moja la Umasaini alilosikia habari zake. Akataja jangwa la Misri. Vumbi lilizunguka tu, na kwa kila jibu lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayesonya.

"Nipe mji," likasema.

"Chukua kijiji cha Mwandila," Mbaruku alijibu, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Wenyewe wananuka samadi. Hutapata hasara, wala mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yangu mimi, akida!"

Vumbi likaanguka chini mara moja, kama nguo iliyovuliwa.

Haikupita wiki, watu wa Mwandila wakaonekana barabarani na ng'ombe wao waliokonda, watoto migongoni, mitungi mitupu vichwani. Yoramu, mzee wao, alisimama uani kwa Mbaruku akiegemea mkuki wake.

"Mbukwenyi," alisalimu. "Bwana akida, visima vyetu vimekuwa chumvi. Shamba limekuwa jeupe. Ndama wanalamba ardhi hadi wanakufa."

"Mnakimbia kazi ya reli," Mbaruku alisema. "Nawajua nyinyi. Rudini kwenu."

"Kwetu hakuna tena kwetu, bwana."

Waridi aliwatolea maji, akawapimia uwele katika ghala la akida, na mumewe alipomkaripia mbele yao, alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Wewe ndiye uliyewagawa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilikusikia."

"Yalikuwa maneno ya mchezo!"

"Kwako."

Kisulisuli kilirudi Athuman akiwa anatandika mkeka barazani. Harufu ya tope ilitangulia. Safari hii Waridi alikimbia akamshika mumewe bega na kumnong'oneza, "Usiitikie, bwana, nakuomba, mwache aseme peke yake mpaka achoke." Na kweli Mbaruku alifumba mdomo. Jasho lilimtoka mpaka kola ya kanzu ikalowa.

"Kitendawili," sauti ilisema. Ikangoja. "Kumbe huyu ndiye bingwa wa Gulwe? Nimetoka mbali kumsikiliza mwanamume, nimemkuta kuku. Hata wale wa samadi walinitukana nilipoingia kisimani mwao."

"Tega!" Mbaruku alipiga kelele.

Kitendawili kilikuwa kile kile. Hakukijua, kama mwanzo. Akatoa Ng'holongo, kijiji cha wafugaji nyuma ya vilima, bila kucheka sasa, akiing'ang'ania mikono ya kiti. Na hata katika hofu ile, Waridi aliona, hakukosa kuchagua watu asiowahesabu.

Siku chache baadaye nao wa Ng'holongo walishuka na mitungi mitupu, wakapiga kambi mtoni pamoja na wa Mwandila. Ndipo Waridi alipomtuma Athuman kwenda Mpwapwa kumleta Mwalimu Shaaban, aliyejulikana kwa kusomea nyumba zenye mashetani. Mwalimu alikuja na punda wake, akafukiza ubani, akasoma kutwa nzima, akazunguka nyumba akinyunyiza maji ya kombe, yaliyooshewa aya. Jioni alikaa, akakataa chakula.

"Shikamoo, Mwalimu," Waridi alisema akipiga magoti. "Ametoka?"

"Marahaba, mwanangu. Siwezi kumtoa. Mwizi ningemtoa. Huyu hakuiba, amepewa." Akamgeukia Mbaruku. "Lakini dawa ipo, nayo ni rahisi. Kesho waite wale watu wa Mwandila na Ng'holongo. Simama mbele yao useme: sikuwa na mji wa kutoa. Ile si mali yangu, na idhini sikuwa nayo. Zawadi itabatilika, naye atarudi alikotoka."

"Mimi?" Mbaruku alisema. "Niwaambie washenzi kwamba mimi si kitu?"

"Ndiyo."

"Na Bwana Mkubwa akisikia kwamba akida wake amesema hana mji?"

Mwalimu alisimama, akavaa makubadhi yake. "Basi endelea kugawa," alisema, akamfuata punda wake.

Asubuhi Waridi aliwaita watu mwenyewe. Walikaa uani, wanawake wakiwafunika watoto kwa kaniki, kwa kuwa upepo ulikuwa umeacha kabisa kuvuma na bado majani ya paa yalikuwa yakitikisika. Mbaruku alitoka amevaa joho, akasimama mbele ya kiti chake. Alitazama nyuso zile, moja moja. Ilikuwa sentensi fupi tu. Alifungua mdomo, akamwona Yoramu amesimama na shuka lake la viraka, anamsubiri, na mdomo ukafunga.

"Rudini makambini kwenu," alisema. "Sina neno na nyinyi."

Na vumbi likainuka katikati ya watu, si kutoka machweo wala mawio bali kutoka chini, kwenye ardhi ya uani iliyofagiliwa, likapanda likizunguka mpaka jua likawa la rangi ya shaba na ndimi za watu wote zikajaa chumvi, watoto wakalia bila sauti kutoka, na ndani ya ule mnara wa vumbi ile sauti ya kistaarabu, isiyo na haraka, ikatega kitendawili chake mstari kwa mstari kama mwalimu anayemrudia mwanafunzi mzito, kisha ikangoja, kisha ikasema, "Nipe mji."

"Mpwa—" Mbaruku alianza.

Waridi alielewa kabla neno halijaisha. Mpwapwa, mama yake, nduguze, kaburi la bibi yake. Alimwekea mumewe kiganja mdomoni, akamsukuma akarudi kitini.

"Umedanganywa!" alilipigia vumbi kelele. "Huyu hana mji! Kiti amekopeshwa, askari amekopeshwa, hata joho hilo si lake! Mwandila ni ya watu wa Mwandila, na Ng'holongo ina wenyewe. Amekupa vya wenzake!"

Vumbi lilipunguza mwendo. Likasonya.

"Basi ana nini?" likauliza, kwa upole.

Waridi alimtazama mumewe. Macho yake yalikuwa yakimsihi, na hata sasa, kama Waridi angekitoa kiganja, mumewe angeweza kusema yale maneno. Akakitoa. Akangoja. Watu wote wakangoja.

"Mimi ni akida," Mbaruku alisema.

"Ana nafsi yake tu," Waridi alisema. "Hiyo ni yake. Aitoe mwenyewe au aizuie."

"Kitendawili," sauti ikasema, taratibu, kwa Mbaruku peke yake.

"Tega," Mbaruku akajibu. Akainuka kitini, akanyoosha joho, akalifuata vumbi lilipokuwa linatoka uani kuelekea machweo. Hakuna aliyemshika. Waridi mwenyewe hakumshika.

Maji ya Mwandila na ya Ng'holongo yalirudi kuwa matamu kabla ya mvua za kwanza. Yoramu aliwapeleka watu wake nyumbani, akamwachia Waridi mbuzi jike mwenye mimba, bila maneno mengi.

Athuman alitumwa na boma kumtafuta akida. Alirudi midomo imepasuka, akamkuta Waridi anafunga mizigo ya kwenda Mpwapwa.

"Nimezifuata nyayo, bibi," alisema, akitazama chini. "Zinaingia mahali peupe, kama ziwa lililobaki chumvi tupu, pasipo mti wala ndege. Nyayo za watu wawili. Za bwana zinatazama machweo. Zile nyingine ziko mbele yake, zimemgeukia. Zinakwenda kinyumenyume, uso kwa uso naye, mwendo wote."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Mbali sana, kwenye ule weupe. Alikuwa anasema, 'Tega.' Kisha kimya. Kisha tena, 'Tega.'"

"Anasemaje? Analia?"

Athuman aligeuka kutazama machweo.

"Hapana, bibi. Kwa sauti ile ya barazani. Anajivuna."

Waridi alivuta kamba ya mzigo mpaka ikamkata kiganja, akafunga fundo, akamwomba amsaidie kujitwisha.