Pazia la Dani na Ufalme wa Chini ya Ziwa

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ninaishi Oyugis na nyanya yangu, ambaye sisi humwita Dani. Ukiniona utadhani mimi ni kijana wa kawaida anayekwepa kuosha sufuria. Lakini kuna watu wazima hapa sokoni, watu wenye ndevu na vitambulisho, walioamini kwamba mimi ni afisa wa kuandikisha wanachama wa ufalme ulio chini ya ziwa...

Mkicheka ni sawa. Mimi niliacha kucheka.

Likizo iliyopita, mimi na rafiki yangu wa chanda na pete, Bravin, tulirekodi filamu kwa simu ya mamake. Tulitaka kuwakejeli wale watu wa video za siri, wanaoona shetani kwenye kila pakiti ya biskuti. Tukaiita "Udugu wa Mbuta", kwa jina la yule samaki mkubwa wa ziwani. Kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni, nilieleza jinsi wazee fulani hukutana chini ya maji karibu na kisiwa cha Mfangano, wamekalia viti vya mifupa ya samaki, wakipanga bei ya omena na kuzima stima mpira ukifika dakika za mwisho. Salamu yao ni kushika sikio la kushoto. Mkuu wao alikuwa Bravin, amejifunga pazia jekundu la Dani, sufuria kichwani. Kisha Bravin huyo huyo, bila sufuria, uso gizani, akawa mwanachama aliyetoroka. Alilia vizuri mno. Ningejua!

Mwishoni sufuria ilimdondoka, tukacheka hadi simu ikaanguka. Kipande hicho tulikiacha makusudi, ili hata mjinga aelewe. Nilidhani ujinga una mpaka...

Bravin alinitumia video nzima, kisha akasema ameiweka pia kwenye grupu ya darasa. Baada ya siku chache ilikuwa kwenye simu ya kila mama mboga, lakini mwisho umekatwa. Hakuna sufuria kuanguka, hakuna kicheko. Mwalimu mmoja, mtu wa digrii, alinivuta kando akanong'ona, "Hao wazee... majina yao yanapatikana?"

Wakati huo mtume fulani alikuwa amepiga hema nyuma ya soko. Akauliza kama kuna mtu ametoroka huo Udugu. Unajua nani aliinuka? Bravin. Alienda mbele akiburuta mguu kama mfungwa, akashika kipaza sauti, akasema ameishi chini ya ziwa miaka saba. Bravin hata kuogelea hajui! Na miaka hiyo yote ni nani alikuwa akinakili hesabu zangu darasani? Hakuna aliyejiuliza. Walilia. Walimnunulia soda, kuku, viatu vipya. Ndipo nikaelewa ni nani aliyekata mwisho wa filamu.

Kila jioni aliongeza kipande. Hadithi ilipoanza kupoa, akaulizwa ni nani alimwingiza. Akanitaja mimi, kwa majina yangu yote matatu.

Kumbe rafiki anaweza kukuuza kwa paja la kuku?

Kina mama wa chama cha Dani walikuja nyumbani, mbele yao Min Akoth, jirani yetu anayeuza sukuma. Walikuwa na neno moja. Nihamishiwe Migori kwa mjomba, la sivyo Dani atoke chamani. Mjomba huyo hapendi hata kuku wake mwenyewe. Shule yangu, kitanda changu, Dani wangu... vyote viende kwa sababu ya sufuria?

Basi nikapeleka video nzima hemani, kina mama wa chama wakiwemo. Walipoiweka kwenye skrini, kicheko chetu kikajaa kwenye spika. Nikangoja aibu iwashike. Mtume akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mnasikia? Hivyo ndivyo mapepo hucheka."

Hema zima likaitikia amina. Bravin alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo Dani, mwanamke wa Sabato asiyekanyaga mahema, akasimama kule nyuma.

"Hiyo ni pazia yangu."

"Mama, hilo ni vazi la ufalme wa giza," mtume akasema.

"Ni pazia. Babu ya huyu kijana aliniletea kutoka Kisumu. Iko na alama ya pasi hapo chini. Min Akoth, nisamehe, nilidhani ni wewe uliiiba kwa kamba ya nguo." Akamgeukia rafiki yangu. "Na wewe Bravin, juzi umekula kwangu ugali mara mbili. Kwani huko chini hawapiki?"

Mtu akacheka. Kisha mwingine. Mtume alipoona hema linamponyoka, akatangaza upesi kwamba pazia lichomwe, na kijana atakuwa huru. Kina mama wakakubali. Walihitaji moshi tu, watu wazima hao.

Nililitoa chini ya godoro langu. Dani mwenyewe ndiye aliyelikabidhi. Alisimama akalitazama likiungua hadi pindo la mwisho.

Njiani nikamwambia pole.

"Pazia inauzwa sokoni," akasema. "Wewe unauzwa wapi? Ukifika, osha sufuria. Hata ile ya mfalme."

Sasa Bravin yuko Migori, anazunguka hema kwa hema. Juzi alinitumia ujumbe: "Omosh, watu wa huku wamezoea ile ya ziwa. Nitungie ingine, buda. Tutagawana."

Na nyingine nilikuwa nayo tayari kichwani, tamu ajabu... Kisha nikatazama dirisha la sebule. Dani ametundika gunia la sukari, jua linapenya kwenye matundu yake. Nikafuta ujumbe.

Mchekeshaji mwenzangu, usimpe kazi ya kulia rafiki anayeijua kupita kiasi. Nawe mwenye simu kubwa na akili ndogo, nakusihi, kabla hujasambaza video ya siri za dunia, tafuta mwisho wake kwanza. Mwisho wa ile yetu, tulikuwa tunacheka.