Kombe Alilopewa Panya

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi yetu Sidikat, nyumbani Ilorin, mwaka 1994.

Mke wa kaka yake, Mulikat, alikuwa akichunguza mishipa ya damu ya ukuta wa tumbo la panya, chuo kikuu. Panya akishakufa husukumiwa rangi kwenye mshipa mkuu, kisha huchunwa ngozi ili matawi yaonekane. Siku hiyo rangi iliisha. Mkobani alikuwa na chupa ya kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani ubaoni, aliloandikiwa na baba mkwe wake, mwalimu wa Kurani Alfa Jimoh, alinywe kuilinda mimba yake. Lilimchefua. Akalivuta kwenye sindano.

"Wino ni wino," alimwambia msaidizi wake, Wasiu.

Mishipa ikajaa weusi. Harufu ya ubani ikaishinda ya dawa.

"Daktari, huyu si tulimuua asubuhi?"

"Amekufa, Wasiu."

"Mbona mishipa inadunda? Au anasubiri futari?"

Mulikat alicheka, akainama, akaacha kucheka.

Jioni Sidikat alikuwa akimwogesha Mulikat, maana mimba ilikuwa kubwa, akaangusha dodoki.

"Mke wetu, tumboni una nini?"

Mistari miwili myeusi ilikuwa ikishuka kutoka chini ya matiti na miwili ikipanda kutoka kinenani, ikichipuza vitawi vyembamba kama vile Mulikat alivyoviona kwa panya, ikisogea polepole ikutane kitovuni, na ndani, pale mtoto alipozoea kupiga teke, hapakuwa na teke tena bali mkwaruzo wa kucha ndogondogo, kama za kitu kinachotafuta mlango.

Alfa Jimoh alitazama, akashusha sauti.

"Kombe ulimpa nani?"

"Baba... panya."

"Subhanallah! Mlinzi niliyemwomba amlinde mtoto, umemlaza kwenye mzoga. Sasa anaijia nyumba aliyoahidiwa, tumbo lako, na kifo cha panya yuko nacho."

"Mtoto atapona?"

"Mlete huyo panya. Utakunywa kilicho chako."

Aliandika upya ubaoni, akaosha, akayamimina maji yale juu ya tumbo la panya, yakatiririka bakulini. Mulikat akaziba pua akayanywa yote, na mistari ikafifia, na mtoto akapiga teke.

Alfa Jimoh na Wasiu wamefariki. Mulikat yu hai, na shangazi pia. Mtoto, Abdulganiyu, tunamhesabu miongoni mwa walio hai; ana mke na duka la vitambaa. Shangazi peke yake hakubali.

"Mimi ndiye niliyemwogesha alipozaliwa," husema. "Nilimwekea mkono kifuani, moyo haudundi. Kilichokuwa kinadunda ni mishipa ya tumbo."