Dirisha la Juu la Odilo

Odilo wa Kifanya alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimgusia gari lake. Hapo angezungumza mpaka ugali upoe. Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limeshachoka kidogo lilipofika mikononi mwake, na mlango mmoja wa nyuma ulitaka kubembelezwa ndipo ufunguke. Lakini lilikuwa na kitu ambacho magari mengine ya pale kijijini hayakuwa nacho. Lilikuwa na kioo kwenye paa. Mafundi hukiita sanrufu. Odilo alikiita dirisha la juu.

"Nani atafungua paa la gari kwa baridi hii ya Njombe?" mkewe, Oktavia, alimuuliza siku ya kwanza.

"Si lazima ufungue, Mama Sila. Unakaa tu, unatazama mawingu."

"Mawingu tunayaona bure hapa uani."

Oktavia alimtania hivyo, lakini gari alilipenda. Lilibeba maparachichi yake mpaka sokoni. Na sasa lilikuwa na kazi kubwa zaidi ya maparachichi.

Mama mkwe wake, Bibi Letisia, alikuwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Zamani ndiye aliyechambua maharage ya nyumba nzima. Sasa alipapasa ukuta akienda jikoni, na watu aliwatambua kwa sauti. Kila asubuhi Oktavia alimshika mkono na kumtoa nje aote jua. Alimpenda mama huyu. Hakutamani kitu kingine kama kumwona akitembea peke yake tena.

Hatimaye hospitali ya Ilembula iliwapangia siku. Jicho moja litafanyiwa upasuaji kwanza, na la pili litafuata baadaye.

"Mama, nitakupeleka kwa gari letu," Odilo alisema. "Utakaa nyuma, chini ya dirisha la juu. Umeliona lakini, mama?"

"Nimeliona, mwanangu. Ni zuri," Bibi Letisia alijibu, kama alivyojibu kila mara.

Siku chache kabla ya safari, upepo mkali ulivuma. Odilo alikuwa na mazoea ya kuegesha gari chini ya miti yake ya paini, nyuma ya nyumba. Tawi kavu lilianguka juu ya paa. Kioo chote kilimwagika ndani ya gari, punje punje, kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Kwa bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani.

Odilo alifunika tundu kwa nailoni, akashuka mjini Njombe. Jioni alirudi meno yote nje.

"Njoo uone! Limekaa kama lilizaliwa hapo."

Kweli, paa lilikuwa na kioo kipya. Pembeni kilikuwa kimezungushiwa silikoni nyeupe, nene.

"Umempata wapi fundi haraka hivi?" Oktavia aliuliza.

"Kwa Edson."

"Edson yule wa madirisha ya nyumba?"

"Huyo huyo. Aliniambia, 'Mzee, mimi ni fundi wa madirisha.' Nikamwambia, vizuri sana, na mimi nimevunjikiwa dirisha!"

Oktavia alicheka. Baadaye alikuja kukijutia kicheko hicho.

Safari ikaanza. Walipita Njombe mjini, wakashika barabara ya Makambako. Bibi Letisia alikaa nyuma, amejifunga blanketi, kichwa kimeegemea kiti na uso umeelekea juu. Alikuwa na furaha. Aliimba taratibu wimbo wa kanisani.

Kabla ya kufika Makambako mvua ilishuka. Wimbo ukakatika.

"Oktavia, mwanangu, mbona nalowa?"

Oktavia aligeuka. Tone la maji lilikuwa kwenye paji la uso wa Bibi. Likafuata jingine, kisha mchirizi mzima. Alimfunika kwa kanga. Halafu akatazama juu. Gari lilipopita kwenye tuta, kile kioo kilitetemeka.

Akakumbuka maneno ya muuguzi: baada ya upasuaji, maji yasiingie kwenye jicho. Sasa watarudije nyumbani na gari hili?

"Baba Sila, tusimame kwa Abasi tukifika Makambako."

"Tutachelewa."

"Upasuaji ni kesho. Leo ni kufika tu. Tusimame."

Ilikuwa nadra Oktavia kusema kwa sauti ile. Odilo alipunguza mwendo.

Abasi alikuwa fundi wa vioo vya magari. Alitoka Tanga miaka mingi iliyopita, akafuata biashara Makambako, akabaki. Mkewe, Zamda, alinunua maparachichi kwa Oktavia, kwa hiyo hawakuwa wageni. Zamda alimpokea Bibi Letisia, akamwingiza ndani penye jiko la mkaa na chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mama," Abasi alisema.

"Marahaba. Kamwene, baba," Bibi alimjibu.

"Kamwene, mama!" Abasi akaitikia kwa Kibena chake chenye lafudhi ya Tanga, na Bibi akacheka.

Kisha Abasi alipanda juu ya stuli. Alikigonga kioo kwa ukucha. Alichungulia pembe zake zote nne. Aliposhuka, uso wake haukuwa na mzaha.

"Bwana Odilo, hiki ni kioo cha dirisha."

"Ndiyo. La juu."

"La nyumba, kaka. Hiki ni kioo cha dirisha la nyumba."

"Si kioo tu?" Odilo aliuliza. "Kuna tofauti gani?"

Abasi alienda kwenye ndoo ya mabaki. Alirudi na mabaki ya aina mbili. Katika mkono wa kulia alikuwa na punje ndogo ndogo.

"Hiki ni kioo cha gari. Kimekazwa kwa moto kiwandani. Kikipasuka kinakuwa hivi. Vingine vina utando katikati, vikipasuka vinashikamana. Na hiki," alionyesha mkono wa kushoto, "ni cha nyumba."

Kipande cha mkono wa kushoto kilikuwa kirefu na chenye ncha kali. Kilikuwa sawa na kisu cha jikoni.

Oktavia alitazama kiti cha nyuma, mahali Bibi alipokuwa ameegemeza kichwa. Mama wa watu ameelekeza macho juu, macho yanayokwenda kutibiwa, na juu yake kunaning'inia visu vilivyogundishwa kwa silikoni.

"Mungu wangu," alisema, akaketi juu ya tairi.

Odilo alivua kofia.

"Edson si mtu mbaya," alisema. "Aliniambia kazi yake ni madirisha. Mimi ndiye niliyelazimisha. Nimemweka mama yangu chini ya kitu kama hiki."

"Usijiumize," Abasi alisema kwa upole. "Wengi wakivunjikiwa wanauliza mambo mawili tu: kipo, na kitawekwa lini. Wakisikia kipo, wanaona yamekwisha."

"Basi tuambie sisi tulipaswa kuuliza nini," Oktavia alisema.

Abasi alivuta stuli, akakaa karibu nao.

"Cha kwanza muulize fundi kama amewahi kufanya kazi ya aina hii, na kwenye gari la aina yako. Asiyewahi, mshukuru, ondoka. Halafu muulize kioo kinatoka wapi. Ni kipya, au kimetolewa kwenye gari jingine? Kilichotumika si kibaya, ila ukikague mwenyewe kama kina ufa au mikwaruzo. Na kiwe cha gari la aina na mwaka kama lako. Kufanana hakutoshi."

"Nitajuaje kama ni cha gari kweli?" Odilo aliuliza.

"Tazama pembeni. Kioo cha gari kina alama za kiwandani, maandishi madogo ambayo hayafutiki. Edson alikupa chenye maandishi?"

Odilo akatikisa kichwa.

"Tena usiangalie kioo peke yake. Tawi lilipoanguka, fremu haikupinda? Reli zake zinateleza? Mpira unaokizunguka kioo ni mzima? Mwambie fundi akague hayo yote kabla ya kuagiza kitu. Una bima kubwa?"

"Ndogo."

"Bima ndogo hulipa uliowagonga tu, haitakusaidia hapa. Mwenye bima kubwa aulize kampuni yake kwanza, kabla fundi hajagusa chochote. Wengine hutengeneza kwanza, wakienda kudai wanaambiwa wamechelewa."

Zamda alitokea mlangoni. "Bibi anauliza kama macho yake bado yanakwenda hospitali, au mmeamua kulitibu gari kwanza."

Wote walicheka, hata Odilo.

Abasi aliwatafutia jirani aliyekuwa akielekea Ilembula. Gari la Odilo lilibaki kwake. Odilo alilitazama mara moja tu, akapanda gari la jirani, akamshika mama yake mkono njia nzima.

Upasuaji ulikwenda salama. Bibi Letisia alifikia kwa mdogo wake pale pale Ilembula, ili apumzike na arudi kuangaliwa na daktari. Kesho yake bandeji ilitolewa, akavishwa miwani myeusi, akaambiwa asiinamie moto na asiingize maji jichoni. Oktavia na Odilo walirudi Makambako kushughulikia gari.

Abasi alikuwa ameshatoa kioo cha Edson na kukwangua silikoni yote. Ukutani alikuwa ameegemeza kioo kingine, cheusi, kizuri.

"Mna bahati," alisema. "Hiki nimekipata kwa rafiki yangu. Kimetoka kwenye gari kama lenu."

Oktavia alimtazama mumewe. Odilo aliinama, akatafuta alama pembeni, akaziona. Kisha akainuka.

"Kimetoka kwenye gari la mwaka gani?"

Abasi akaangua kicheko. "Umeniweza! Hilo sikuuliza."

Walikipandisha juu ya paa kukipima. Kwa macho kilikuwa sawasawa. Lakini upande mmoja kilijitokeza kidogo, unene wa ukucha tu.

"Ningeweza kukilazimisha," Abasi alisema, "na ungeondoka umefurahi. Mvua ingekuja, ungenitafuta." Akachukua simu, akaagiza kingine kutoka Dar es Salaam, mara hii akitaja aina ya gari na mwaka wake.

Wakati wanasubiri, Abasi aliwaonyesha jambo ambalo Odilo hakulijua miaka yote ya kujisifia gari lake. Kwenye pembe za fremu kulikuwa na vitundu vidogo.

"Maji kidogo hupita kwenye mpira, hata kioo kikiwa kizima. Vitundu hivi vinayapeleka kwenye mirija, yanatokea chini ya gari. Vya kwenu vimeziba. Na silikoni yote ile isingesaidia kitu hapa."

Alichokonoa taratibu. Yakatoka majani ya paini, membamba kama sindano, yamelowa na kuoza.

"Miti yangu!" Odilo alisema.

"Miti yako imekuvunjia kioo, imekuzibia na mirija," Oktavia alisema. "Tafuta pengine pa kuegesha, Baba Sila."

Kioo kilipofika, Odilo alisoma alama, akauliza mwaka, akauliza mpira, akauliza gundi. Aliuliza mpaka Zamda akasema mwanamume huyu angefaa kuwa polisi. Kioo kikapandishwa, kikakaa bila kusukumwa.

"Na gari likivuja wiki ijayo?" Odilo aliuliza.

"Unalirudisha, nalifanya upya bila malipo. Nitakuandikia kwenye risiti, na muda wake. Fundi akikataa kuandika, jiulize kwa nini."

"Na leo naweza kuondoka?"

"Hapana. Acha gundi ikauke mpaka kesho. Usifungue kioo wala kuosha gari. Na kabla hujaondoka kesho, tutamwagia maji hapa hapa mbele ya macho yako."

Kesho yake Odilo aliingia mwenyewe kwenye gari. Alikaa mahali pa Bibi, akaegemeza kichwa, uso juu. Abasi alifungua mpira wa maji. Oktavia alisimama nje, roho juu. Maji yalipiga paa, yakatiririka pande zote, yakaonekana yakidondoka chini karibu na matairi. Odilo alitoka akiwa mkavu kabisa. Aliwapa mkono Abasi na Zamda.

"Nikifika Njombe nitapita kwa Edson," alisema. "Nimweleze. Asije akambebea lawama mtu mwingine mbishi kama mimi."

Walimfuata Bibi Letisia Ilembula. Daktari alikuwa amemwangalia na kuridhika. Alikaa pale pale nyuma, na blanketi lake na miwani yake myeusi. Walipoipita Makambako, mvua ilianza tena, ile ile kubwa. Oktavia alishika kanga, tayari kumfunika. Alisubiri tone. Halikuja.

"Odilo," Bibi Letisia aliita.

"Naam, mama. Unalowa?"

"Silowi. Ila hili gari lako lina uwazi juu?"

"Si uwazi, mama, ni kioo. Ni lile dirisha la juu. Si nilikuonyesha siku zote?"

"Ulinionyesha, mwanangu. Nilikuwa naitikia tu. Sikuwa naona kitu."

Odilo aliweka gari pembeni ya barabara, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Oktavia naye alikuwa analia, na hakujificha.

Nyuma yao Bibi Letisia aliinua miwani kidogo. Juu ya kioo matone yalikuwa yanadunda na kuteleza, na nyuma ya matone mawingu ya Njombe yalikuwa yanakimbia. Aliyatazama kwa jicho lake moja, bila haraka.

"Ni zuri, mwanangu," alisema.