Taa ya Waya Uliokomea Kaburini

Taa ya pili ya boksi la mtandao iliwaka saa saba mchana, kwenye zahanati moja upande wa Nyansurura, na mtu pekee aliyejua kwamba haina sababu ya kuwaka ni fundi aliyeifunga.

Huyo ni Benedicto, mwenye mdomo mrefu kuliko hata wangu. Aliagizwa alete nyaya mbili za mtandao kwa njia mbili, mmoja kando ya barabara, wa pili kupitia boma la zamani, ili mmoja ukikatika mwingine ubebe simu za kwenda kwa daktari wa hospitali kubwa. Wa kwanza aliufikisha. Wa pili ulikuta kaburi. Wazee wakasema lizungukwe. Yeye akaona jua kali, akaifukia ncha pale pale. "Taa ya pili inalala mpaka ya kwanza ife," alimdanganya muuguzi, Sista Regina. Akapigiwa makofi.

Mchana huo greda lilikuwa limekata waya wa barabarani, na mtandao haukutikisika.

"Fundi, wewe mwanaume!" Regina alisema, akashika simu haraka, maana Gloria alikuwa kitandani anatoka damu na mtoto hajazaliwa.

Boksi likaanza kunuka maziwa ya mgando na udongo mbichi. Kwenye simu ikaja sauti ya kikongwe, kama mtu anayesemea ndani ya kibuyu: "Msimpeleke popote. Namsubiri."

"Daktari, sikusikii vizuri," Regina alinong'ona.

Benedicto aliitazama taa, akafikiria yale makofi, na wazee, na jinsi watakavyomtaja kilabuni mpaka azeeke, na huku damu inadondoka chini ya kitanda na sauti inarudia namsubiri, namsubiri, mpaka aibu ikamtoka kama matapishi: "Sista, weka chini! Huyo si daktari. Waya wa pili haufiki popote. Niliufukia kaburini."

Gloria walimkimbiza kwa gari la mahindi. Alijifungua salama hospitalini. Benedicto alipiga magoti mbele ya wazee, akaufukua waya. Ulikuwa na joto, na kitu upande wa pili kiliuvuta. Akaukata kwa panga.

Mwezi mzima alichimba mtaro mwenyewe kulizunguka kaburi, watoto wakimzomea. Siku ya kukabidhi alifungua boksi: taa mbili zinawaka, ya barabarani iliyoungwa upya na ya mtaroni. Na ya tatu, kwenye tundu lisilo na waya.

Mkono wake ulienda kwenye kifuniko, ukasita.

"Sista, njoo uone."

"Nimeiona tangu asubuhi," Regina alisema nyuma yake. "Nilikuwa nasubiri nione kama utasema."