Mzee Aliyejitupa Mtaroni

"Mzee Anyitike! Mzee Anyitike, nisubiri, shikamoo."

Evarista alikuwa anakimbia, kiatu kimoja mkononi, akiteremka barabara ya kutoka maktaba kwenda sokoni, na wauza ndizi wa Mbeya wameacha biashara wanamtazama. Mbele yake mzee wa watu, koti jeusi na fimbo, alikuwa anatembea kwa kasi ambayo magoti yake hayakuizoea. Mzee aligeuka, akaona binti amemkaribia kabisa, akajitupa mtaroni. Mtaro wa maji ya mvua, jamani, na matope yake yote. Akalala humo kifudifudi na kujifunika koti kichwani.

"Mzee, umeumia?"

Mzee alizidi kulivuta koti kichwani.

"Mzee wangu, nimekukosea nini?"

Fimbo ndiyo ilijibu. Iliinuka kutoka mtaroni, ikamwonyesha Evarista njia aliyotokea. Akarudi njia hiyo hiyo, machozi yakimtoka mbele ya soko zima.

Sasa nikueleze tulikotoka. Miaka ile reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado inajengwa, na chuo kikuu kilikuwa kimefungua maktaba ndogo Mbeya, maktaba ya mila na historia za wenyeji wa nyanda za juu. Vitabu vilikuwa vichache. Mali yake ilikuwa sauti za wazee, zilizorekodiwa kwenye kanda na kupangwa rafuni, pamoja na majalada ya desturi za kila kabila. Evarista, Mhehe wa Kalenga, ndiye aliyewasha mashine, kusikiliza, kupiga taipu na kubandika namba. Mkuu wake alikuwa Ndugu Liberatus, mtu wa Kilolo, ambaye nusu ya mwezi alikuwa vijijini akitafuta wazee wengine.

Katika wazee wote, Anyitike alikuwa wa peke yake. Alikuwa anasimulia safari ya ukoo wake, jinsi walivyoshuka kutoka milima ya Ukinga mpaka Unyakyusa, na alisimulia akimtazama Evarista usoni kana kwamba chumbani hamna mashine. Evarista baba yake alifariki yeye hajaota meno. Alimpenda mzee yule, na hakujidanganya kuhusu hilo.

Halafu akampenda na mtoto wa mzee. Eliezeri alikuwa mpima wa reli kambi ya Makambako, kijana mpole, na alikuja likizo kumsindikiza baba yake maktaba. Likizo ilipokwisha walikuwa wamekubaliana mambo mawili: kwamba wanataka kuoana, na kwamba mzee asiambiwe kwanza mpaka amalize simulizi, asije akakatika njiani.

Simulizi ikakatika hata hivyo. Siku moja mzee alichungulia mlangoni, akamwona Evarista kwenye mashine, akarudi. Siku nyingine aliingia, akakaa ameutazama ukuta, na Evarista aliposema "karibu, mzee", akatoka kwa mlango wa nyuma. Na sasa mtaro.

Evarista aliomba simu ya Makambako akiwa ofisini kwa Liberatus, kwa sababu simu ilikuwa hiyo moja. Liberatus hakutoka. Alichukua gazeti akajifanya anasoma.

"Mbeya, zungumza," ilisema sauti ya mtambo wa posta.

"Evarista? Kuna nini? Nimeitwa kutoka darajani."

"Baba yako amejitupa mtaroni."

"Ameanguka?"

"Hakuanguka, Eliezeri. Amejitupa, ili anikimbie mimi. Soko zima limeona."

Simu ilikoroma kidogo.

"Labda anaumwa."

"Wengine anawasalimia. Muuza maji anamsalimia. Ni mimi tu."

"Lakini baba hajui habari zetu. Mimi sijamwambia neno."

"Hapo ndipo panaponiuma. Angejua, ningesema anamkataa Mhehe, au anamkataa mchumba wa mtoto wake. Hajui kitu, na bado hataki kuniona. Basi ananikataa mimi nilivyo. Siku akijua itakuwaje?"

"Usifike huko, Evarista."

"Nimeshafika. Nimeomba uhamisho. Jumatatu napanda basi, narudi Iringa, nyumbani."

"Na mimi je?"

"Wewe una reli yako."

"Evarista, nisikilize. Mimi Jumamosi..."

"Muda wenu umekwisha," ilisema sauti ya mtambo.

"Dada, tuongezee kidogo," Eliezeri aliomba. Dada hakuongeza.

Liberatus alishusha gazeti ambalo hakuwa amefungua ukurasa wa pili.

"Barua yako ya uhamisho nimeiandika," alisema. "Sijaitia sahihi."

"Itie, Ndugu."

"Nani atamaliza kanda za mzee?"

"Mtafutie mtu anayetazamika."

Ijumaa asubuhi aliingia mama mmoja wa makamo, mkungu wa ndizi kichwani, kanga mbili, miguu mitupu. Alimkuta Evarista anapanga majalada yake ili amkabidhi mwingine.

"Wewe ndiye Evarista?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Eliezeri." Aliteremsha ndizi, akajifuta jasho. "Nimekuja kukuuliza, mwanangu. Mume wangu amekufanya nini mpaka umfukuze mjini kama mwizi?"

"Mimi? Mama, yeye ndiye ananikimbia. Nilitaka nimwombe radhi."

"Umemkimbiza mpaka mtaroni. Halafu unamtaja jina kwa sauti. Watu wameleta habari mpaka nyumbani: mkwe wa Anyitike hana adabu, anampigia baba mkwe kelele za jina barabarani. Mzee amelala na kiuno kinamuuma, na aibu inamuuma kuliko kiuno."

Evarista alikaa juu ya sanduku la kanda.

"Baba mkwe? Mzee anajua?"

"Nilimwambia mimi. Eliezeri alinipa siri, akasema mama funga mdomo mpaka baba amalize hadithi zake. Nilifunga mpaka jioni." Mama hakuonekana kujuta. "Mzee alifurahi, mwanangu. Alisema, kumbe ni yule anayejua kusikiliza. Kesho yake akaanza kukukimbia."

"Alifurahi, akaanza kunikimbia."

"Sasa angefanyaje? Kwetu mzee na mke wa mtoto wake hawatazamani. Akipita huku, wewe unapita kule. Akikohoa, unageuka. Jina lake hulitamki mpaka unakufa. Ninyi Wahehe hamna?"

"Kwetu mwanamume ndiye anamkwepa mama mkwe. Mwanamke hapana."

"Basi huku ni mwanamke."

Hapo Evarista aliinua macho kwenye rafu iliyokuwa mbele ya pua yake. Jalada la desturi za ndoa za Wanyakyusa lilikuwa pale, kurasa zote amezipiga taipu yeye mwenyewe, namba ameibandika yeye mwenyewe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Ya watu wengine alikuwa ameyaandika vizuri kabisa, yake yalipomfika barabarani hakuyatambua.

"Hata mahari haijapelekwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa mzee imeshakwenda. Ng'ombe amewachagua, kila asubuhi anakwenda kuwatazama."

Ungetegemea binti afurahi. Alilia, na mama alimwacha alie mpaka akapata sauti.

"Mama, mimi baba sikumjua. Huyu mzee alipokuwa anasimulia ananitazama, nilikuwa nasema moyoni, basi na mimi nimepata. Nikienda Iringa, nitakuja siku moja kama mgeni, nitamsalimia, ataniitikia. Nikiolewa na mtoto wake, uso wake sitauona tena. Hiyo ndoa inanipa mume, inaninyima baba."

Mama alikaa kando yake.

"Ni kweli," alisema. "Mimi baba yake mume wangu sikuuona uso wake mpaka tunamzika. Lakini kuni zikinipungua, nilikuta ameniwekea nyuma ya nyumba. Hakuna baba aliyenitunza kama yule. Uamuzi ni wako, mwanangu. Ila kama unakwenda, nenda mapema, mzee arudi kutembea barabarani."

Alimwachia nusu ya ndizi akaondoka.

Jumamosi Eliezeri alifika na lori la reli, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa ameshamweleza. Alimkuta Evarista kwenye meza ya taipu, upande wa pili wa rafu kubwa, ameupa chumba cha kurekodi mgongo. Ndani ya chumba hicho mzee Anyitike, kiuno bado kinamuuma, alikuwa anamalizia simulizi, mashine akiiwasha Liberatus, ambaye kila mara alibonyeza kitufe kisicho chenyewe. Sauti ya mzee ilipita juu ya vitabu. Ukoo ulikuwa umeshavuka mto wa mwisho, sasa wanajenga.

"Evarista," Eliezeri alinong'ona. "Ningekuwa na akili ningegundua siku ile kwenye simu. Nilidhani mama anaweza kutunza siri."

"Shh. Anamalizia."

"Barua ya uhamisho imetiwa sahihi?"

"Ipo kwenye mkoba."

"Jumatatu unakwenda?"

Evarista aliinua kidole. Alikuwa anasikiliza. Mzee alitaja jina la aliyeasisi kijiji chao, akasema "basi, ndiyo hivyo", na mashine ikazimwa. Eliezeri alisimama pale, kofia mkononi, kijana aliyepima milima mizima na sasa hajui aweke wapi miguu.

Liberatus alizunguka rafu akiwa na kanda kwenye kasha jipya na kalamu.

"Evarista, jaza hapa. Jina la msimulizi."

Evarista alipokea kasha. Alilitazama pale palipoachwa wazi. Halafu akalirudisha pamoja na kalamu.

"Andika wewe, Ndugu."

"Umeliandika miezi yote hii, leo umelisahau?"

"Sijalisahau. Silitaji."

Liberatus alimtazama, akamtazama Eliezeri, akaanza kuelewa taratibu. Eliezeri alikuwa ameshaelewa. Alitafuta kigoda akakaa, akafunika uso na kofia yake yenye vumbi.

"Na hiyo barua niliyotia sahihi?" Liberatus aliuliza.

"Utanisamehe, Ndugu. Nilikusumbua bure."

Kutoka chumba cha kurekodi mtu alikohoa, kikohozi cha makusudi, kisha akakohoa tena. Evarista alivuta kanga kichwani, akageuka kuitazama rafu. Nyuma yake fimbo iligonga sakafu polepole, ikapita bila kukimbia, ikaelekea mlango wa mbele.