Sinia la Bibi Stamata

Kila asubuhi nyumbani kwetu, ghorofa ya nne mtaa wa Kypseli hapa Athene, tulikuwa tunakunywa maziwa tumesimama. Meza ilikuwa imejaa karatasi za dada yangu Thaleia. Ole wako uweke kikombe juu yake.

Thaleia alikuwa anaomba ufadhili wa utafiti unaotolewa na taasisi moja ya uhusiano wa kimataifa. Ni nafasi mbili tu kwa mwaka, kwa watafiti na wanadiplomasia vijana. Kwa miaka minne alikuwa akiandika jinsi matetemeko ya ardhi yalivyowasogeza Wagiriki na Waturuki wakasaidiana. Usaili ulikuwa Alhamisi, na akikosa mwaka huu umri ungekuwa umempita.

"Kusoma hakutoshi," Bibi Stamata alininong'oneza jikoni siku ya Jumatatu. "Karani wa taasisi ile, Evdokia, ni wa kijijini kwetu Arkadia. Mpelekee hili, umtajie dada yako. Na Thaleia asijue."

Akanipa sinia la galaktoboureko, ile keki ya maziwa iliyoloweshwa shira.

"Bibi, dada atakasirika."

"Babu yako aliingiaje kazi ya reli, Argyro? Kwa debe la jibini. Nenda."

Nilikwenda. Bi Evdokia alilitazama sinia, akavua miwani, akashusha pumzi.

"Zawadi ya tatu hii wiki hii," alisema. "Mmoja kaleta mafuta ya zeituni, mwingine kaleta mwanakondoo mzima. Mimi naishi peke yangu, mwanangu, mwanakondoo mzima nimfanye nini? Haya, sinia hili la nani?"

"La Thaleia Vrettou," nikajibu, nikidhani namsaidia.

Akafungua daftari, akaandika jina la dada yangu. "Kila kinacholetwa hapa kinaandikwa, na wasaili wanasomewa. Mrudishie bibi yako sinia lake. Mwambie namsalimu, na anachosha."

Niliogopa kulirudisha nyumbani. Uwanjani niliwakuta wenzangu wa darasa, tukaila keki yote. Bibi alipoona sinia tupu alitabasamu.

"Kapokea?"

"Kapokea," nikasema.

Uongo ule ulinikera siku mbili nzima. Jumatano jioni Thaleia alinipa orodha ya maswali nimsaili. Nilifika la tisa: "Kwa nini tukuamini wewe?" Nikaiweka orodha chini. Nikamwambia yote: keki, daftari, na kwamba nilimdanganya Bibi.

Thaleia alifumba macho. Kisha akaenda jikoni.

"Miaka minne, Bibi. Miaka minne ya kazi, na wewe umeizamisha ndani ya shira."

"Nilitaka kukusaidia."

"Nani alikuomba? Sasa watasema huyu hana kitu kichwani, ndiyo maana katuma keki."

"Usinipandishie sauti, mimi si rika lako," Bibi alisema. Mimi niliwachoka wote wawili, na nilijichoka mwenyewe zaidi.

Alhamisi dada aliondoka bila kuaga. Aliporudi alitupa mkoba kitini. "Niliingia, na kabla hawajauliza nikawaambia: 'Kwenye daftari lenu kuna sinia lenye jina langu. Limetoka nyumbani kwetu. Sikulituma, na sikulitaka.' Mwenyekiti akasema wenzangu wawili walioandikwa wamedai hawajui lolote. Halafu wakanihoji saa nzima. Sijui, Argyro. Usiniulize tena."

Sikuuliza. Wiki tatu zilipita. Kisha barua ikaja, Thaleia akaisoma wima mlangoni, akaketi chini palepale akalia. Alikuwa amepata.

Siku hiyo Bibi alioka sinia jingine, akaliweka katikati ya meza ambayo sasa ilikuwa haina karatasi. Nilikiri mbele yake kwamba sinia la kwanza tulilila uwanjani.

"Nilijua," akasema. "Evdokia alinipigia simu siku ileile jioni, akanisema kama mtoto. Nikanyamaza kwa aibu, nikamwacha dada yako aende bila kujua. Kama si wewe kufungua mdomo, angeulizwa akabaki ameduwaa, na mimi ndiye ningekuwa nimemponza." Akamkatia Thaleia kipande kikubwa. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto alikuwa na kizuri, mimi nikakitembeza mitaani kama kibovu. Argyro, siku nikikutuma tena kwa siri, ukatae."

"Nitakataa, Bibi."

"Vizuri. Sasa mpelekee Evdokia kipande hiki."

Nilimtazama Thaleia. Thaleia alimtazama Bibi.

"Hapana, Bibi," nikasema.

Bibi akashusha pumzi, akakila mwenyewe.